SIMEONI NSIBAMBI: URAFIKI ULIOAMSHA AFRIKA MASHARIKI

Juzi baada ya ibada ya pili dada mmoja alinisimamisha pale mlangoni. Aliniambia kwamba kwenye simu yake ana namba zaidi ya mia mbili za watu anaowaita ndugu na dada, lakini usiku ule mtoto wake alipolazwa hakujua ampigie nani. Nikamwombea, nikamkumbusha kwamba Yesu ni rafiki asiyeacha. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini nikienda nyumbani nilijua nimemkwepa, kwa sababu hakuwa ameuliza habari za Yesu. Alikuwa akiuliza habari zetu sisi.

Nilitaka kuandika somo lenye pointi tano juu ya urafiki, nikaona hapana. Wacha nisimulie maisha ya mtu mmoja. Wazee wetu waliotoka kwenye Ushirika wanamjua vizuri, na wengi wetu tunaimba nyimbo zilizozaliwa na kazi yake bila kujua jina lake. Huyu ni Simeoni Nsibambi wa Uganda. Najua kuna mtu atauliza mbona mchungaji wa Kipentekoste anatuletea Mwanglikana. Vumilia kidogo, utaona.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 katika Buganda, katika familia ya machifu. Kwa hiyo hakuwa mtu wa shida. Alisoma Mengo na Budo, shule walizosoma watoto wa wakubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, akahudumu katika kikosi cha matabibu Waafrika. Baada ya vita akapata kazi katika idara ya afya. Mshahara ulikuwepo, ardhi ilikuwepo, na jina zuri lilikuwepo. Kanisani alijulikana. Ukimtazama kwa macho ya kawaida ungesema huyu jamaa amefika.

Lakini alikuwa na kidonda ndani. Alitarajia kupewa nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma, na nafasi ile haikuja. Wale mnaojua kungojea barua ya visa au ya ufadhili, halafu majina yanatoka na lako halimo, mnaelewa. Ni katika majonzi hayo, mwaka 1922, Mungu alikutana naye, akaona kwamba alikuwa akililia kitu kidogo huku akiwa hajajali uzima wa milele. Akaanza kusoma Biblia kwa bidii na kuwashuhudia watu. Akaendelea hivyo miaka saba.

Hiyo miaka saba mimi hunifikirisha sana. Mtu ameokoka, anashuhudia, anaomba, na bado anajua moyoni kuna kitu kinapungua. Na hana wa kumwambia. Kanisa la Uganda wakati huo lilikuwa kubwa, limejaa watu, lina historia ya mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani. Lakini kizazi kile cha moto kilikuwa kimepita. Ubatizo ulikuwa umekuwa kama cheti cha kupatia kazi. Mtu angeweza kuwa mzee wa kanisa na huku ana mambo yake ya pembeni, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Sasa tuhamie Rwanda. Mahali panaitwa Gahini, kando ya ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ndogo ya misheni. Daktari wake alikuwa kijana Mwingereza, Joe Church, mtoto wa mchungaji, aliyesomea Cambridge. Alifika Gahini mwaka 1928, na karibu mara moja njaa kali ikaipiga nchi. Watu walikufa kwa wingi sana. Church na wenzake walihangaika kulisha na kutibu, hadi nguvu zikaisha. Njaa ilipopungua, kilichobaki ni daktari aliyechoka mwili na roho, anayehubiri kwa sababu ni kazi yake kuhubiri. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika.

Jumapili asubuhi akapanda kilima cha Namirembe kwenda kanisa kuu. Nje ya kanisa, kando ya pikipiki yake, alikuwa amesimama Nsibambi. Walikuwa wameonana kidogo mapema mwaka huo katika kikao cha Biblia. Nsibambi akamwambia wazi kwamba anaona kuna upungufu ndani yake mwenyewe na ndani ya Kanisa la Uganda, akamwuliza afanye nini. Daktari naye, badala ya kumpa jibu la mtaalamu, akakiri kwamba hata yeye anatafuta kitu hicho hicho.

Hebu simama hapo kidogo. Mwaka ni 1929. Ni wakati wa ukoloni. Mzungu ndiye anayejua, Mwafrika ndiye anayefundishwa. Mzungu anakula mezani, Mwafrika analeta chakula. Hata ndani ya misheni mambo yalikuwa hivyo, tusidanganyane. Na hapa wamesimama wanaume wawili, mmoja ana miaka thelathini na miwili, mwingine thelathini, na kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba ndani amekauka. Mimi naamini uamsho ulianzia pale kando ya pikipiki, kabla hata Biblia haijafunguliwa.

Wakaketi pamoja siku mbili, Biblia mkononi, wakifuatilia andiko baada ya andiko yote yanayosema juu ya Roho Mtakatifu. Hapakuwa na spika wala bango, na hakuna mgeni rasmi aliyealikwa. Walisoma, wakaomba, wakajisalimisha. (Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza mbona Mwanglikana, nadhani umeshaona. Siku mbili za kumtafuta Roho Mtakatifu, sisi tungeiita nini?)

Baada ya hapo kila mmoja akarudi kwake, na ndipo mambo yakachangamka. Nsibambi akaacha kazi ya serikali ili ahubiri. Akaacha kuvaa viatu, akawa anatembea na kanzu ya kawaida, yeye mtoto wa chifu. Na kila aliyekutana naye, awe askofu, awe karani, awe muuza ndizi, alimwuliza kama ameokoka. Sio kwa hasira. Lakini aliuliza. Inasemekana mmishonari mmoja alimkuta Church na kumlaumu kwamba amemfanya nini yule mtu, maana amerukwa na akili, anawauliza watu hata kwenye ngazi za kanisa kuu kama wameokoka! Church akasikia hayo akafurahi, kwa sababu alijua kilichompata rafiki yake ni kile kile kilichompata yeye.

Mnajua mimi nilisomea biashara. Chuoni tulifundishwa sana habari za kujenga mtandao: ujue watu, uweke namba zao, siku moja watakufungulia mlango. Sikatai, hata kanisa hili limesaidiwa na watu wanaojuana. Lakini ukichunguza Nsibambi na Church, hakuna aliyekuwa akifungua mlango wa mwenzake. Nsibambi kwa urafiki ule alipoteza kazi. Church alipoteza heshima kwa baadhi ya wenzake, ambao walimwona kama mtu aliyewafanya Waafrika wakose adabu. Faida haikuonekana popote kwenye vitabu.

Urafiki wao haukubaki wa watu wawili. Pale Gahini kulikuwa na msaidizi mkuu wa hospitali aitwaye Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole. Huyu hakuwa na furaha kabisa. Hospitali ilikuwa na manung'uniko, wafanyakazi hawapatani, dawa na vitu vinapotea, na Kinuka mwenyewe alitaka kuondoka. Mwaka 1931 Church akampeleka Kampala akamtembelee Nsibambi. Angeweza kumwandikia barua ya onyo. Alimpeleka kwa rafiki.

Kinuka alipofika, Nsibambi akamwuliza hospitali inaendeleaje. Kinuka akamwaga yote: huyu ni mvivu, yule ni mwizi, Wazungu nao hivi na hivi. Nsibambi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwa upole, lakini bila kuzunguka, kwamba hali mbaya ya hospitali inatokana na dhambi iliyo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Kinuka alikasirika. Nani asingekasirika? Umesafiri mbali hivyo kuja kulia kwa mtu, halafu anakugeuzia kidole! Lakini katika safari ya kurudi Rwanda neno lile lilimfanyia kazi, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amejitoa kwa Kristo. Aliporudi wodini wenzake wakaona mtu mwingine. Alianza kwa kuomba msamaha.

Wacha niseme jambo langu, kwa sababu sio haki nisimulie toba za wengine peke yake. Kabla sijaingia huduma, nilifungua duka la vifaa vya simu na rafiki yangu wa chuo. Liliporomoka. Kwa miaka minane nimekuwa nikisema, hata wakati mmoja kwenye mahubiri, kwamba liliporomoka kwa sababu mwenzangu hakuwa makini na hesabu. Ukweli ni kwamba miezi miwili nilichukua pesa za stoki nikalipia kodi ya nyumba yangu, nikaandika kitu kingine kwenye kitabu. Hajawahi kujua. Tukikutana tunasalimiana vizuri sana, tunaitana ndugu, tunaulizana habari za watoto. Nilipokuwa nikisoma habari za Kinuka kwa ajili ya kuandika haya, niliweka kalamu chini. Jumanne nilimpigia. Tumekubaliana kukutana mwisho wa mwezi, na kusema kweli naogopa.

Turudi kwa Nsibambi. Alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, mwalimu. Blasio akaguswa na maisha ya kaka yake, akakubali kwenda Gahini kufundisha. Kwa hiyo sasa kulikuwa na kamba iliyounganisha Kampala na Gahini: Nsibambi huku, Church, Kinuka na Blasio kule, na barua na safari katikati. Mwishoni mwa mwaka 1933 wakafanya mkutano pale Gahini. Mkutano ulikuwa wa kawaida tu, hata baridi, mpaka siku ya mwisho katika maombi Mnyarwanda mmoja akasimama akakiri dhambi zake. Hapo ni kama ukuta ulianguka. Watu wakasimama mmoja baada ya mwingine kwa zaidi ya saa mbili, wengine wakilia, wakisema yale waliyoyaficha.

Kutoka hapo moto ukasambaa. Watu walirudisha vitu walivyoiba, hata vya miaka mingi iliyopita. Walilipa madeni. Maafisa wa serikali walishangaa kuona watu wanaleta pesa ambazo hakuna aliyekuwa akizidai. Mume aliketi kula na mkewe na kumwomba msamaha mbele ya watoto, jambo lililokuwa kituko wakati huo. Wamishonari nao waliwaendea Waafrika kukiri kiburi chao cha rangi. Mhutu na Mtutsi walikumbatiana. Watu wakawapa jina la kuwacheka, Balokole, yaani waliookoka, na wao wakalichukua jina hilo kwa furaha.

Januari 1936 Blasio alikwenda Kampala akiwa na mzigo wa kuwaambia viongozi wa kanisa waamke. Hakupata nafasi. Alishikwa na homa akafa mwezi huo huo, bado kijana. Nsibambi akamzika mdogo wake. Lakini neno la Blasio, Zukuka, yaani amka, likachukuliwa na kanisa lote, na mwaka 1937 Kanisa la Uganda liliposherehekea miaka 60, ndilo lililokuwa wito wa mikutano. Mwaka huo huo timu ya ndugu ilivuka mpaka ikaja kwetu Kenya, Kabete.

Angalia neno hilo, timu. Hawakutuma mhubiri mmoja mashuhuri. Walikwenda wengi pamoja, Waafrika na Wazungu, wakilala nyumba moja, wakila sahani moja, na kabla ya kuhubiri waliketi kuulizana kama kuna jambo kati yao. Kama wawili wamekosana njiani, walipatana kwanza, hata kama watu wanangoja. Walikuita huko kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana sura ya kwanza. Mara nyingi mahubiri yenyewe hayakuwa makubwa. Watu waliguswa kwa kuona Mzungu na Mwafrika wakisahihishana na kusameheana mbele ya macho yao. Na wengi walioingia Ushirika hapa Kenya, kutoka Murang'a hadi Nyanza, hawakuvutwa na mkutano. Walivutwa na jirani aliyebisha mlango kurudisha jembe.

Sitaki mfikiri yote yalikuwa matamu. Mambo mengine yalienda vibaya. Kukiri hadharani kukageuka kwa wengine kuwa mashindano, na kwa wengine kuwa udaku uliovaa nguo za kiroho. Kulikuwa na ndugu waliojiona wasafi kuliko wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, shemeji yake Nsibambi. Sio kosa la uongozi peke yake. Bidii bila hekima ilichangia. Baadaye Ushirika wenyewe ukagawanyika zaidi ya mara moja, wakati mwingine juu ya mavazi na mikopo. Na Rwanda, mahali moto ulipowakia, mnajua yaliyotokea mwaka 1994. Wako ndugu waliokufa kwa sababu walikataa kutengana na wenzao wa kabila lingine. Lakini makanisa kwa jumla yalishindwa, na lazima tuseme hivyo bila kupaka rangi. Uamsho wa babu haumwokoi mjukuu.

Hapa kwetu mtihani ulikuja mapema zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wa Ushirika katika nchi ya Wagikuyu walibanwa pande mbili. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Yesu inawatosha. Wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki upande wa serikali. Kwa hiyo walichukiwa msituni na wakashukiwa ofisini. Wengine waliuawa. Tunaweza kubishana mpaka asubuhi juu ya siasa ya wakati ule, na hata katika familia yangu ubishi huo haujaisha. Lakini najiuliza mtu anapata wapi nguvu ya kusimama hivyo, usiku, mlango ukigongwa. Wengi wao walikuwa na kikundi kidogo walichokutana nacho kila wiki, watu waliowajua mpaka ndani, ambao wangewalea watoto wao. Hilo sio jambo unalojenga siku ya hatari yenyewe.

Na Nsibambi? Hapa ndipo maisha yake yananishangaza zaidi. Kuanzia miaka ya 1940, wakati Uamsho unapaa, yeye alishikwa na ugonjwa. Mtu aliyezunguka Kampala yote bila viatu akawa wa kukaa nyumbani. Wengine wakawa majina makubwa: Nagenda alizunguka nchi za mbali akihubiri, na Church alialikwa ng'ambo kueleza yaliyotokea. Kabale mwaka 1945 maelfu kwa maelfu walikusanyika. Nsibambi, ambaye aliwahi kulia kwa sababu hakupelekwa ng'ambo, alibaki Kampala kitandani, na hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka thelathini.

Nimejaribu kufikiria ingekuwa mimi. Pengine ningekuwa na uchungu. Ningehesabu nani alikuja kuniona na nani amenisahau. Lakini nyumba yake haikuwa pweke. Watu walikuja kutoka pande zote, wachungaji, vijana, wamishonari, watu waliovunjikiwa na ndoa. Walimletea mambo waliyoshindwa kuyasema kwingine. Aliwasikiliza kama alivyomsikiliza Kinuka, mpaka mwisho, na kisha aliwaambia ukweli. Wengine walitoka wakiwa na furaha, wengine wakiwa wamekasirika, na wale waliokasirika mara nyingi walirudi.

Alikufa mwaka 1978. Uganda ilikuwa bado chini ya Idi Amin, na Askofu Mkuu Janani Luwum, mwenyewe mtoto wa Uamsho, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Kutoka siku ile ya Namirembe ilikuwa imepita miaka karibu hamsini, na mlango wa mgonjwa yule haukuwa umefungwa.

Dada yangu wa mlangoni, nimekutafuta Jumapili mbili sikukuona. Seli ya kwetu hukutana Jumatano saa kumi na mbili jioni. Mke wangu amesema uje na mtoto, na kwamba namba yake ni ya kupigwa hata saa nane usiku.